Nauli ya Kutafuta Kazi: Kisa cha Mtaalamu wa Ugavi Aliyekaa Miezi 14 Bila Ajira Arusha

Kwa nini tumekiandika

Kikundi chetu hukutana na watu wanaotafuta kazi kila Jumamosi asubuhi hapa Arusha. Wengi wetu tumewahi kuwa maofisa utumishi au wasimamizi. Tumesoma maombi ya watu na kuwaita kwenye usaili. Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya mhusika. Jina, mtaa na waajiri vimeondolewa au kubadilishwa, lakini mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki vilivyokuwa.

Tumekichagua kwa sababu kinajibu lawama tunayoisikia kila mara, kwamba watu wa siku hizi wanakata tamaa mapema. Katika watu tuliowaona wakiacha kutafuta, wengi hawakupungukiwa moyo. Walipungukiwa nauli, kisha aibu ikawafungia ndani. Ukitaka mtu avumilie, anza na hayo mawili.

Mhusika tumwite Aika.

Usuli

Aika alikuwa na miaka 29. Mzaliwa wa vijijini upande wa Kilimanjaro, mwenye shahada ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka mitatu alikuwa mnunuzi wa kampuni ya utalii yenye kambi za mahema mbugani. Unga, mboga, gesi, sabuni, mishumaa, kila kilichopakiwa kwenye gari kwenda kambini kilipita mikononi mwake. Mshahara ulitosha kumsomesha mdogo wake na kutuma kidogo kwa mama. Aliishi Arusha kwa dada yake mkubwa, Mama Joy, mwenye duka la rejareja na mwanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kwa asiyeijua Kaskazini mwa Tanzania, utalii wetu una majira yake. Wageni wengi huja Juni hadi Oktoba, kisha tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei masika hukolea, barabara za mbugani huharibika, kambi nyingi hufungwa na wafanyakazi hupewa likizo au huachwa. Aprili ya mwaka huo mkataba wa Aika uliisha bila kuhuishwa. Aliambiwa kwa mdomo tu: "Tutakuita Juni."

Kusubiri simu, kisha bahasha za kaki

Aprili na Mei hakutafuta kazi popote. Kwa hesabu yake bado alikuwa na kazi. Juni ikaingia, magari ya watalii yakaanza kupita kama kawaida, simu haikulia. Katikati ya Julai alikwenda mwenyewe ofisini. Mlinzi aliyemfahamu akamvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine tangu Mei.

Hapo ndipo mbio zilipoanza. Alichapisha wasifu mmoja, akautoa kopi nyingi, akazitia kwenye bahasha za kaki na kuzigawa kwa walinzi wa mageti kuanzia Njiro hadi Usa River. Hotelini, mashamba ya maua, shule, benki, hata kiwanda ambacho hakujua kinatengeneza nini. Barua zote zilikuwa moja, kilichobadilika ni anwani. Kwa wiki alijiwekea lengo la bahasha kumi, na Ijumaa akizimaliza alijisikia amefanya kazi. Majibu hayakuja.

Wakati huo huo alijisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi mawili ya kwanza hayakupita hata hatua ya kuitwa. Sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye akaunti yake, ila hakurudi kuzisoma hadi miezi baadaye. Ombi moja liliambatishwa taarifa ya matokeo badala ya cheti chenyewe, na matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba taarifa ya matokeo haikubaliki. Jingine lilikwama kwenye majina, kwa kuwa jina la baba limeandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha kidato cha nne. Mtu aliyeandikishwa shule ya msingi na babu yake, kwa tahajia ya babu, atalielewa jambo hili mara moja.

Safari ya Dodoma

Ombi la tatu lilipita. Novemba akaitwa Dodoma kwenye usaili wa mchujo, ule wa kuandika. Mama Joy alichukua mkopo mdogo VICOBA kwa jina lake mwenyewe ili mdogo wake asafiri. Basi la kupitia Babati na Kondoa, kulala siku mbili, kula, bajaji za mjini. Zaidi ya laki moja na nusu ikaisha.

Hakupita. Alikuwa amesoma madaftari yake ya chuo, na yale yalizungumzia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011. Alikutana na maswali ya Sheria ya 2023 iliyochukua nafasi yake, pamoja na NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki uliorithi TANePS. Miaka mitatu katika kampuni binafsi hakuwa na sababu ya kufungua hata kimoja. Anasema alipotoka chumbani alijua jibu kabla matokeo hayajatoka.

Kilichofuata ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Aliacha kutuma maombi. Mama yake kijijini alikuwa ameambiwa kwamba Aika ameitwa "kwenye mafunzo ya kazi", na ili uongo usiumbuke, Krismasi hakupanda nyumbani. Anayewajua watu wa Kilimanjaro anajua uzito wa hilo: Desemba ndiyo ndugu wote hukutana, na asiyeonekana lazima aulizwe. Aika alituma ujumbe kwamba kazini wamemnyima ruhusa. Asubuhi aliondoka kwa dada yake kana kwamba anakwenda kutafuta, akakaa saluni kwa rafiki hadi jioni. Mkopo wa VICOBA uliendelea kudai marejesho, na kila alipomwona Mama Joy akihesabu hela za duka alihisi zinahesabiwa juu yake.

Mwisho wa Januari Mama Joy alimleta kwetu. Maneno yake tuliyaandika: "Watu wananiambia mdogo wangu amekuwa mvivu. Huyu si mvivu, amekwama."

Maamuzi, na sababu zake

Hatukuanza na wasifu wala barua. Tulianza na kalamu. Tulimwomba Aika aandike kila shilingi iliyotoka tangu Julai kwa ajili ya kutafuta kazi: kopi, wakili wa kuthibitisha nakala za vyeti, bahasha, daladala, bando, Dodoma. Ilizidi laki nne. Bahasha moja tu ya kupeleka Usa River, ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, ilikuwa inakaribia elfu nane. Alishangaa. Alikuwa akijilaumu kwa kutofanya bidii ya kutosha, kumbe bidii yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimfilisi.

Uamuzi wa kwanza ukatoka hapo: elfu kumi na tano kwa wiki, isizidi. Ikiisha Jumatano, utafutaji wa kulipia umeisha hadi Jumatatu, na siku zilizobaki ni za kusoma, kupiga simu na kupumzika bila kujilaumu. Lengo la bahasha kumi lilifutwa. Tulifanya hivyo kwa sababu lengo la idadi lilimsukuma kupeleka maombi mahali ambapo hakuwa na nafasi yoyote, mradi Ijumaa hesabu itimie.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu na ulichukua Jumamosi mbili za mabishano. Mfanyabiashara wa jumla wa vitunguu na mboga katika soko la Kilombero, anayefahamiana na Mama Joy, alihitaji mtu wa kushika daftari kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, kwa malipo ya siku. Aika alikataa kwanza. "Nimesoma chuo kikuu, niende nikahesabu magunia?" Dada yake alimjibu kwa kumkumbusha kwamba ada ya chuo hicho ilitoka kwenye magunia. Sisi tulikuwa na sababu nyingine mbili. Kibarua hicho kingelipa ile elfu kumi na tano bila kumgusa Mama Joy, na kingemwacha huru wakati ofisi zinapofanya kazi. Tena soko la jumla ni ugavi mtupu: bei, uzito, ubora, msambazaji anayeaminika na asiyeaminika. Mtaalamu wa ununuzi haendi pale kupotea.

La tatu, nyaraka zitengenezwe mara moja na kwa ukamilifu. Kiapo cha majina mbele ya wakili, cheti halisi badala ya taarifa ya matokeo, barua iliyosainiwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na usajili wake kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambao matangazo mengi ya serikali kwa kada yake huutaja kama sharti. Gharama hiyo iliingizwa kwenye bajeti ya wiki nne za mwanzo na hakuna bahasha iliyotoka kabla haijakamilika.

La nne lilihusu mtu wa kumwona. Tulimshauri aache walinzi wa mageti na aanze na watunza stoo na wasambazaji. Ofisi ya utumishi hukueleza nafasi ikishatangazwa. Mtunza stoo anajua mwezi mmoja kabla, kwa kuwa ndiye anayelemewa au ndiye anayeondoka.

La mwisho halikuwa letu kuamua, ila tulimwomba alifikirie: kumwambia mama ukweli. Alipanda Moshi wikiendi moja ya Februari. Anasimulia kwamba alianza kwa kulia kabla hajasema neno, na mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nilijua tangu Krismasi. Sauti yako ya kwenye simu ilibadilika. Nilisubiri uje mwenyewe." Alirudi Arusha na mkungu wa ndizi na, kwa maneno yake, kichwa chepesi.

Sokoni

Sehemu hii tunaikalia kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo kisa kilipogeuka.

Alfajiri magari ya vitunguu hushusha mzigo kutoka Mang'ola, karoti na viazi hushuka kutoka vijiji vya Meru, na bei ya siku hupatikana kabla jua halijachomoza vizuri. Wiki ya kwanza Aika alishika daftari tu. Wiki ya tatu alimwonyesha tajiri wake kwamba baadhi ya magunia anayonunua kwa bei ya gunia kamili hayalingani. Muuzaji mmoja alileta lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mwingine gunia lililopwaya, na yote mawili yaliandikwa "gunia 1". Aliomba mzani utumike kwa kila mzigo na akachora ukurasa wenye safu ya kilo. Tajiri alikubali kwa kusitasita, kisha akaona tofauti mwisho wa mwezi.

Wateja wa tajiri huyo walikuwa wanunuzi wa hoteli, shule za bweni na kambi. Kila asubuhi walimkuta Aika na daftari lake. Walizoea kumuuliza bei ya wiki iliyopita na kupata jibu sahihi. Hakuna aliyewahi kusoma wasifu wake, lakini walikuwa wanauona ukifanya kazi.

Milango miwili iliyofungwa

Machi kulitokea nafasi katika taasisi moja binafsi. Mtu wa ndani alimpigia simu kudai laki tatu "za kulainisha". Aika alipojibu kwamba hana, simu ya pili ilibadilisha bei: akutane naye jioni, mahali alipotaja. Alikataa na nafasi ikaenda kwa mwingine. Tulimweleza kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kama kosa, kifungu cha 25, na kwamba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Hakutaka kuripoti. Alihofia jina lake kuzunguka mjini ambako waajiri wa sekta yake wanafahamiana. Tuliuheshimu uamuzi wake, na bado tunaumia kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Yule mtu, kwa tunavyojua, bado yuko kazini.

Wiki iliyofuata ilikuwa nzito. Hakupeleka ombi hata moja, ila sokoni alikwenda kila siku. Kibarua kilimpa mahali pa kuwa asubuhi, jambo ambalo Novemba hakuwa nalo.

Aprili aliitwa kwenye usaili wa shule ya bweni. Alipewa zoezi la vitendo: profoma mbili (hati za bei kutoka kwa wasambazaji) za mahitaji ya jikoni, achague na aeleze. Moja ilisoma 4,200,000, nyingine 4,800,000. Alichagua ya kwanza. Hakuona mstari mdogo uliosema bei haijajumuisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), wakati ya pili ilishaijumuisha. Kwa asilimia 18 ile ya kwanza inafika 4,956,000. Alikuwa amechagua ghali.

Safari hii alifanya jambo ambalo awali hakuwahi kulifanya. Siku tatu baada ya kujulishwa kwamba hakuchaguliwa, alimpigia mhasibu aliyekuwa kwenye jopo, akamsalimu, akashukuru, akauliza alipokosea. Mhasibu akamweleza kuhusu VAT, akaongeza kwamba hakuuliza pia kama msambazaji anatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wala nani analipia usafirishaji. Simu ilichukua dakika chache. Jumamosi hiyo tulikaa na lundo la profoma za zamani, majina yakiwa yamefutwa, akazilinganisha hadi mkono ukazoea.

Matokeo

Mwanzoni mwa Juni msambazaji wa mboga anayepeleka mzigo kwenye hoteli moja nje ya mji alimwambia Aika kwamba mtunza stoo wa pale anakaribia kujifungua na meneja hajapata wa kumshikia. Hakukuwa na tangazo. Aika alikwenda siku hiyo hiyo mchana, akiwa na nyaraka zilizokamilika tangu Machi. Meneja alimpa profoma tatu. Alianza kwa kuuliza ipi ina VAT.

Alipewa mkataba wa kushikilia nafasi kwa kipindi cha likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ni siku 84 kwa mtoto mmoja. Cheo kilikuwa chini ya kile cha zamani, mshahara pia. Alikubali kwa sababu siku hizo 84 ziliangukia katikati ya msimu wa wageni, na alijua kwamba hoteli inayojaa Agosti haimwachii kirahisi mtu anayeijua stoo yake. Mwenye nafasi aliporudi, Aika alihamishiwa upande wa ununuzi hadi Desemba. Januari akasaini mkataba wa mwaka.

Deni la VICOBA lililipwa Septemba. Akaunti yake ya Ajira Portal bado iko hai. Anasoma Sheria ya 2023 polepole na ameomba nafasi mbili tangu wakati huo.

Uchambuzi

Bahati ilikuwepo, na hatutaki kuificha. Mtu mwingine alipata mimba wakati unaofaa. Lakini habari hiyo ilipita Kilombero, na Aika alikuwa Kilombero. Angekuwa saluni kwa rafiki yake ingepita bila kumkuta. Kwa maoni yetu kibarua kilifanya kazi kubwa kuliko ushauri wetu wote uliobaki: kililipa nauli, kikampangia asubuhi yake, kikamweka machoni pa wanunuzi. Tahadhari ni kwamba hakingefanya hivyo kama kingekuwa cha saa zote. Tumewaona wengine wakichukua kibarua cha kutwa nzima na utafutaji ukafa taratibu kwa uchovu.

Ukomo wa elfu kumi na tano ulisaidia kwa namna ambayo hatukuitegemea. Tuliuweka kubana matumizi, lakini Aika anasema ulimwondolea lawama. Pesa ya wiki ikiisha alijua kwamba ametimiza wajibu wake na anaweza kulala.

Kilichoshindwa kabisa ni ile miezi ya kusubiri. "Tutakuita Juni" si mkataba wa kutegemea, na kwenye utalii muda wa kutafuta ni Machi hadi Mei, kabla msimu haujaanza, wakati ambapo Aika alikuwa ametulia. Safari ya Dodoma haikuwa kosa kwa kwenda. Tatizo lilikuwa kwenda kwa pesa ya mkopo na madaftari ya zamani, hivyo kushindwa mtihani mmoja kukageuka deni, na deni likageuka ukimya. Angesafiri akiwa na maandalizi ya wiki tatu, hata kwa matokeo yale yale, tunadhani asingeanguka vile.

Kuhusu uongo kwa mama, tumebishana ndani ya kikundi. Wengine wanasema ni jambo la kifamilia lisiloingia kwenye uchambuzi wa ajira. Mimi ninayeandika nadhani linaingia. Kudumisha uongo kulimgharimu Krismasi, kulimfungia saluni, na kulimwondoa kwenye macho ya watu ambao wangeweza kumtajia nafasi. Asiyejulikana kwamba anatafuta hatajiwi kitu.

Kisa hiki hakimfai kila mtu. Aika hakulipa kodi ya nyumba wala hakulala njaa, kwa sababu ya Mama Joy. Anayepanga chumba na kutegemewa na watoto hawezi kutenga elfu kumi na tano kutoka kwenye kibarua cha saa chache, na mpango huu tusimpe kana kwamba ungemtosha. Mama Joy mwenyewe ndiye aliyependekeza tuanzishe mfuko wa nauli, watu walioshapata kazi wachangie kidogo kila mwezi, wanaotafuta wakopeshwe bila riba na bila kuandika jina la ndugu yeyote kama mdhamini. Aika ametoa mchango wa kwanza. Masharti ya marejesho ndiyo tunayojadili sasa.